Saa ya Bibi
Maneno niliyosema nyumbani kwetu Ilala, Dar es Salaam, baada ya misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja

Tumsifu Yesu Kristo.

Asalaam alaykum.

Naona upande wa majirani wameitikia kwa nguvu kuliko upande wa jumuiya. Bibi angecheka, halafu kesho yake angepita nyumba hadi nyumba kuwauliza wanajumuiya kama jana walikula.

Baba Paroko, mwenyekiti wa jumuiya, mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa, akina mama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, mliovaa kile kitenge alichokichagua yeye mwenyewe (na mkalalamika wote kwamba kinachuja), majirani, ndugu zangu: shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Asanteni kwa misa ya asubuhi, asanteni kwa kufika. Mwaka umekatika kama mchezo.

Nimepewa maiki na sharti juu yake. Mama mdogo ametoka jikoni sasa hivi, akaninong'oneza: wali umeshapaliwa makaa, una rozari moja. Wageni labda hamkuelewa, ila watu wa nyumba hii wote wameelewa. Rozari moja, makumi matano ya Salamu Maria, ndiyo muda wa wali kukauka. Basi nitazungumza kwa kipimo hicho, na mkiona nimepitiliza mjue leo mtakula ukoko.

Kwenye msiba mwaka jana kila aliyesimama alisema Bibi alikuwa mtu wa sala. Kweli kabisa. Lakini mtu asiyemfahamu akisikia hivyo anaona kizee kimepiga magoti pembeni, macho kimefumba, dunia inapita zake. Bibi hakuwahi kufumba macho akisali. Angefumba macho, vitumbua vingeungua.

Wengi wenu mmevila vitumbua hivyo. Alivipikia pale barazani, pale alipokaa mzee mwenye kanzu ya bluu, kwa zaidi ya miaka arobaini. Kikaango kimoja cha chuma chenye vishimo saba. Cha kugeuzia ni spoku ya baiskeli. Jioni anatwanga mchele aliouloweka tangu mchana, anachanganya na tui la nazi, hamira, hiliki, na sukari kama ipo, usiku kucha unaumuka kwenye beseni. Alfajiri anatia mafuta kidogo kila kishimo, anamimina, anafunika, kisha anaanza. Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe. Salamu saba upande wa kwanza. Anageuza. Salamu tano upande wa pili. Anaopoa.

Saa hakuwa nayo. Mjomba alipokuja kumnunulia ya ukutani, aliitundika sebuleni kwa ajili ya wageni. Nilimuuliza kwa nini asiiweke jikoni imsaidie. Akasema saa haijui kama mkaa wa leo ni mzuri au ni vumbi tupu. Nikamwambia, na rozari je, inajua? Akasema, "Mimi najua. Mkaa ukiwa mbaya nasali polepole."

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na wanafunzi wangu hawajui kwamba jedwali la saba nililisoma kwenye kikaango. Vishimo saba, ukipika mara kumi una sabini, ukipika mara ishirini una mia na arobaini, na hapo shule iko karibu kugonga kengele. Hata leo nikiulizwa saba mara nane napata kwanza harufu ya hiliki, ndipo jibu linakuja.

Vipimo vyake vingine nitavitaja haraka. Yai la kuchemsha ni makumi manne. Maharage ni rozari nzima, ile ya matendo yote kumi na tano, kila tendo kumi moja, na ukimaliza unaongeza litania. Kutoka mlango huu mpaka mlango wa kanisa la Msimbazi ni rozari moja kasoro kumi, kama mvua haijanyesha. Ikinyesha ni rozari kamili, maana kuna dimbwi la kuzunguka.

Ila saa yoyote lazima ianzie mahali. Mnafikiri nani alikuwa anamwamsha? Si kengele ya Msimbazi. Aliamshwa na msikiti. Adhana ya alfajiri ikiita, Bibi yuko chini ya kitanda anatafuta kandambili. Mwadhini anaita watu wake, Mpogoro wa watu anawasha mkaa. Mwaka fulani kipaza sauti cha msikiti kikaharibika, kikakaa kimya kama wiki mbili hivi. Bibi akachelewa misa ya asubuhi mara tatu. Siku ya nne akafungua pindo la kanga, akatoa noti, akanituma kwa imamu nikamwambie ni mchango wa matengenezo. Imamu akashangaa, akauliza huyu bibi si Mkristo? Nikarudi na swali hilo. Bibi akasema, "Kamwambie nikichelewa misa, dhambi tutagawana."

Imamu wa wakati ule alishatangulia mbele ya haki. Alikuwa akiisimulia hiyo kwenye kila harusi.

Nirudi nyuma kidogo, nieleze alikotoka. Bibi alizaliwa Mahenge. Cheti cha ubatizo kinasema 1940, yeye alisema padre aliandika mwaka aliokumbuka. Mahenge ile ilikuwa ya watawa Wakapuchini kutoka Uswisi, waliopewa eneo hilo lote pamoja na Dar es Salaam mwaka 1921, baada ya Wabenediktini wa Kijerumani kuondolewa kwa sababu ya vita. Wanaume wa ndevu, kanzu za kahawia, kamba kiunoni. Kwao ndiko alikojifunza kusoma, kushona, na kuitikia misa ya Kilatini ambayo alikiri hakuelewa neno hata moja. Misa ilipoanza kusaliwa kwa Kiswahili miaka ya 60, alisema kitu ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu mwingine: kwamba siku ile aliona aibu, kwa sababu aligundua muda wote alikuwa akimwitikia Mungu kama mtoto anayeitikia simu ya watu wazima.

Alikuja Dar mwaka wa Uhuru, 1961, mke wa kuli wa bandarini. Alikuja kwa lori, kivuko cha mto Kilombero, lori tena, halafu treni ya reli ya kati. Anashuka stesheni hajui mtu zaidi ya mume. Jumapili ya kwanza Babu akamleta Msimbazi. Bibi akaona ndevu zilezile, kanzu zilezile, kamba zilezile. Akamwambia Babu, "Kumbe kijiji kimetutangulia."

Babu alifariki 1974. Akamwacha na watoto wanne na baiskeli moja. Baiskeli ikauzwa ili kununua kikaango, gunia la mkaa na mchele wa kuanzia. Kabla mnunuzi hajaondoka nayo, Bibi aliomba achomoe spoku moja. Ndiyo hiyo ninayowaambia. Iko jikoni sasa hivi, na Mama mdogo asithubutu kuipoteza.

Vijana mliopo hapa hamkuona foleni. Mnasema foleni ya magari pale Ubungo. Nazungumzia foleni ya sukari. Vita vya Kagera vilikwisha 1979, na baada yake nchi ikakauka: sukari kwa kibali cha balozi wa nyumba kumi, sabuni inakatwa vipande, mchele hauonekani, mnakula ugali wa yanga. Wazee wanatikisa kichwa, wanaukumbuka ule unga wa njano. Hakuna mchele, basi hakuna vitumbua. Bibi akageukia mihogo, ya kuchemsha, chumvi na pilipili, anauza palepale barazani. Na kwenye foleni anasali. Foleni ya sukari rozari tatu, ya khanga rozari sita, na ya khanga mara nyingi unafika mbele zimeisha. Watu walikuwa wakiweka jiwe kushika nafasi. Bibi anaweka jiwe lake, anakwenda misa, anarudi analikuta. Siku moja mtu alilisogeza. Alichomwambia mtu yule sitakirudia, Baba Paroko yupo.

Na alipanga foleni moja bila kikapu. Oktoba 1999, Mwalimu Nyerere alipoletwa Uwanja wa Taifa watu wamuage, Bibi na jirani yake wa nyumba ya pili walitoka hapa kabla jua halijachomoza. Rozari saba, alisema. Jirani naye ana tasbihi yake mkononi, kila mmoja anahesabu zake. Waliporudi, miguu imevimba, nikawauliza waliona nini. Bibi akasema, "Amekonda." Basi. Hakusema lingine siku ile.

Sasa nifike mahali ambapo wanafamilia wanadhani nitaparuka. Sitaparuka, nimeongea na Mama na Baba jana usiku, wamenipa ruhusa.

Mwaka 1983 mama yangu alifunga ndoa bomani. Na Mwislamu. Baba yangu ndiye yule pale mwenye kofia, shikamoo Baba. Bibi hakwenda. Na si kwamba hakwenda bomani tu. Hakukanyaga nyumba yao Temeke kwa miaka minne. Mama akija hapa Ilala, Bibi anamwitikia shikamoo, anampa kiti, anampa chai, halafu anaendelea na kazi zake kama vile kiti kile kina mgeni wa mtu mwingine. Na kila alfajiri, juu ya kikaango, anamtaja Mama kwa jina. Kumi la kwanza daima lilikuwa la Mama. Mama mdogo alikuwa analala chumba cha jikoni, alisikia. Anamwombea binti yake kila siku ya Mungu, lakini hamtazami usoni.

Nimejaribu kulitetea hilo kichwani, sijaweza. Alikosea. Imani yake ilikuwa na nguvu, na kitu chenye nguvu kikikuangukia kinaumiza.

Aliyemsema si padre kwanza. Alimsema jirani yake, yule wa nyumba ya pili. Yuko pale chini ya mwembe, shikamoo Bibi. Amekataa kushika maiki, lakini amenikubalia niseme. Ilikuwa Ramadhani, amemletea Bibi futari kama kawaida: tambi, magimbi, uji wa pilipili manga. Bibi anapokea sahani. Jirani hakuiachia. Wakawa wameshika sahani wote wawili. Akamwambia, "Mashavu yako yanajaa futari yangu miaka ishirini hujaniuliza dini. Mwanao umemuuliza." Ndipo akaachia sahani, akaenda zake.

Bibi alikwenda kuungama wiki ile. Yaliyosemwa humo hayajui mtu. Tunachojua ni malipizi, kwa sababu alikuja nayo nyumbani amekasirika. Alizoea kupewa Baba Yetu tatu, Salamu Maria kumi, akaongeza zake ishirini juu. Safari hii alifika mlangoni, akavua viatu, akasema, "Padre hakunipa sala. Kaniambia nipande basi."

Akapanda. Siku zile zilikuwepo zile pikapu za mabenchi mlizoziita Chai Maharage, mnakaa mnatazamana kama mko mezani. Bibi kabeba mkononi ndoo ya plastiki, ndani vitumbua, juu kitambaa. Kashuka Temeke kauliza njia. Baba ndiye aliyefungua mlango. Anasema alipomwona alidhani kuna msiba. Akasema, "Shikamoo Mama." Bibi akasema, "Marahaba, mwanangu." Kaingia. Mimi nina miezi mitatu, niko kwenye mkeka. Bibi hakunibeba kwanza, na Mama hakulielewa hilo kwa miaka mingi. Alipita moja kwa moja jikoni, akasimama, akatazama. Akarudi sebuleni na kauli yake ya kwanza katika nyumba ile: "Hamna mkaa."

Kweli hawakuwa nao. Baba alikuwa hajalipwa mshahara.

Kesho yake akaja tena, na gunia.

Neno la msamaha hakuwahi kulitamka, na Mama anasema hakulihitaji baada ya lile gunia. Mimi nafikiri angelitamka pia. Lakini tuendelee.

Mwaka 1990 Papa Yohane Paulo wa Pili alikuja Tanzania, Septemba, akasalisha misa pale Jangwani. Bibi alinibeba mgongoni. Nilikuwa na miaka mitatu, sikumbuki Papa, nakumbuka mgongo. Kitenge kimeloa jasho, na sauti inapita kwenye mifupa yake kabla haijanifikia sikioni. Ukiegemea sikio kwenye mgongo wa mtu anayeimba litania, unasikia nyumba nzima inaimba. Baba yangu alitusindikiza mpaka ukingoni mwa umati, akasubiri kule na chupa ya maji.

Papa huyohuyo ndiye aliyekuja kumvurugia saa. Oktoba 2002 aliongeza matendo matano kwenye rozari, matendo ya mwanga. Katekista kaja kwenye jumuiya na karatasi, anaeleza: Yesu anabatizwa, harusi ya Kana, kutangazwa kwa Ufalme, kugeuka sura, kuwekwa kwa Ekaristi. Sasa rozari nzima si kumi na tano tena, ni ishirini. Kila mtu anatikisa kichwa kwa heshima. Bibi kanyoosha mkono. "Katekista, na maharage yangu?"

Katekista hakuelewa. Bibi akamfafanulia: maharage ni matendo kumi na tano na litania, ishirini yatakuwa uji.

Mwaka mzima alisali kumi na tano zake, Alhamisi anaendelea na matendo ya furaha kama zamani. Kisha siku moja, sijui nini kilitokea, nikamkuta barazani amekaa bila kazi, na Bibi kukaa bila kazi ni jambo la kuitia watu. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Ile ya Kana." Akaniambia nimsomee. Nikamsomea Yohane, sura ya pili: kulikuwa na arusi, divai ikawatindikia, mamaye Yesu akamwambia, hawana divai. Akanisimamisha hapo. Akaniuliza, "Yeye alijuaje?"

Nikasema aliambiwa na watu.

"Nani atamwambia mgeni kwamba divai imekwisha? Wewe ukiishiwa pilau kwenye shughuli unawatangazia wageni?"

Nikasema hapana, unaficha.

"Basi alijuaje?"

Sikuwa na jibu. Akasema, "Alikuwa jikoni. Alipita jikoni akaona mitungi." Akanyamaza kidogo. "Halafu hakuomba kitu. Hakumwambia mwanawe fanya hivi, fanya vile. Kasema hawana. Imeisha."

Toka siku hiyo Alhamisi ikawa yake. Maharage yakahamia Jumatano.

Nimefundishwa dini na watu wengi, wa kanisani na wa msikitini, kwa sababu nyumba yetu ni ya pande zote mbili. Sijasikia mahubiri yaliyonikaa kama hayo ya barazani. Na yakanifanya nielewe kitu nilichokiona maisha yangu yote bila kukijua. Bibi akitoka kwenye misa ya asubuhi hakupita njia ya mkato. Alizunguka. Anapita dirishani kwa huyu, uani kwa yule, anasema hodi, anakaa kidogo, anaondoka. Akifika nyumbani anatangaza. Nyumba ya mwisho hawana mkaa. Yule mama wa mapacha hana sabuni. Wale vijana wapangaji hawana sufuria, wanapikia kwenye kopo. Mtoto wa fundi hana daftari. Hawana, hana, hawana. Tukiwa wadogo tulidhani ni umbea. Kwa haki, kidogo ulikuwa umbea. Lakini kabla ya jioni sufuria moja ya humu ndani ilikuwa imehama.

Hata kuhusu historia alikuwa hivyo. Mnajua tukienda hija Pugu, katekista husimulia habari za Wabenediktini waliofika pale 1888, na Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, misheni ikashambuliwa, wengine wakauawa. Watu wanasikitika, wanafuta machozi. Bibi naye aliwaombea, kila mwaka. Ila tukirudi kwenye basi husema palepale, mwaka baada ya mwaka: "Mwaka mmoja tu walikaa. Mwaka mmoja hujajua hata jirani yako anakula nini." Sikuwahi kujua kama anawalaumu au anawahurumia.

Miaka yake ya mwisho miguu iligoma. Msimbazi ikawa mbali, rozari moja kasoro kumi ikawa rozari tatu, halafu ikawa haiwezekani. Wanajumuiya mkamletea Komunyo hapa nyumbani, na tunawashukuru, hasa yule kijana ambaye kila Jumapili alivumilia kukaguliwa kola ya shati. Majina yakaanza kumtoka. Mimi akawa ananiita jina la Mama, Mama anamwita jina la dada yake wa Mahenge. Sala hazikumtoka hata moja.

Usiku mmoja, kama wiki tatu kabla hajatuacha, aliamka akakaa kitandani akasema, "Hawana." Mama mdogo akamuuliza, nani Mama? "Hawana." Nini Mama? Hakujibu, akalala. Basi Mama mdogo asubuhi akashindwa kutulia. Akafunga kilo mbili za sukari, akazipeleka nyumba ya pili. Wakamwambia sukari tunayo. Akaenda nyumba ya tatu, wanayo. Akazunguka mtaa mzima na sukari ile mpaka ikapata mtu wa kuipokea, na aliyeipokea nasikia naye alikuwa nayo, alimhurumia tu.

Alhamisi ile alfajiri tulikuwa wanne chumbani: Mama, Mama mdogo, mimi, na Bibi. Alikataa hospitali tangu Jumatatu, na daktari aliyekuja kumwona alituambia tusimsumbue. Mama mdogo anaongoza, sisi tunaitikia. Alhamisi, kwa hiyo ni matendo ya mwanga. Bibi sauti haina, midomo inafuata. Tendo la kwanza, mtoni Yordani. La pili, Kana, na hapo nilimwona ametabasamu, au nimetaka kumwona ametabasamu, sitawaapia. La tatu. La nne. Tunaitikia: Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu. Nimeyasema maneno hayo tangu sijui kusema vizuri. Saa ya kufa kwetu. Kila siku mara hamsini, kwa maisha yake yote, alikuwa anaitaja saa hiyo juu ya mafuta ya moto, na anageuza kitumbua.

Katikati ya kumi la nne adhana ikaanza. Mama mdogo hakusimama, aliendelea. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mkono. Tukafika mahali midomo haikufuata.

Tulimaliza kumi lile. Na la tano pia tulilimaliza, ndipo Mama akamfumba macho.

Kulipokucha tukampeleka kuhifadhiwa. Kijana wa zamu, mpole sana, ana fomu na kalamu, akauliza jina, akauliza umri, nikamwambia habari ya cheti cha ubatizo, akaandika 1940. Akauliza, amefariki saa ngapi?

Tukatazamana. Wote watatu hatukuwa tumetazama saa. Ile ya ukutani iko sebuleni, na betri ilikwisha zamani. Simu zilikuwa zimezimwa.

Nikamwambia, "Kumi la nne. Salamu Maria ya sita, au ya saba."

Kijana akashusha kalamu. Akanitazama kuona kama niko sawa. Nikadhani ataniuliza tena. Akasema, "Na mimi nimelelewa na bibi, dada." Kisha akauliza, "Adhana ilikuwa imeshaita?" Nikasema ilikuwa inaita. Akahesabu kichwani, akaandika.

Mama mdogo amesimama mlangoni na mwiko, naona ananionyesha vidole vitano. Makumi yote yametimia. Majirani wa upande wa kulia mtatangulia kunawa, maji yako pale kwenye ndoo ya bluu. Karibuni chakula.